Mkali wa Savoy aliyeibukia posta

SIMU iliita New York, mwaka 1986. Waliopiga ni vijana wawili kutoka Pasadena, California, wanamtafuta Frankie Manning, yule mcheza dansi. Mzee akawajibu kwamba hapo yupo Frankie Manning mfanyakazi wa posta tu.

Alikuwa amevuka miaka 70. Shabiki wa soka, chukulia straika aliyefunga bao lililobadili mpira wenyewe, kisha miaka thelathini yuko na barua zake, hakuna anayemuuliza kitu. Hapa kwetu wapo wa namna hiyo, unapishana nao kijiweni kila siku.

Bao lenyewe alilifunga mwaka 1935, katika ukumbi wa Savoy, mtaa wa Harlem. Savoy haikuwa disko la kawaida. Kulikuwa na majukwaa mawili, bendi moja ikimaliza nyingine inadaka hapohapo. Mei 1937 wenyeji, bendi ya Chick Webb, waliwakaribisha Benny Goodman na jeshi lake. Dabi kamili, nyomi mpaka nje, na mwenyeji akashinda.

Mfalme wa ukumbi alikuwa George Snowden, mfupi kweli, mwenza wake Big Bea amemzidi mbali kwa urefu. Mwisho wa onyesho dada alimbeba jamaa mgongoni na kuondoka naye, watu hoi kwa kicheko. Manning akawaza: vipi nikimbeba mwenzangu mgongoni, halafu nisiishie hapo, nimzungushe kabisa atue mbele yangu? Frieda Washington akakubali. Wakapiga tizi juu ya godoro. Siku ya shindano Frieda akapaa, akatua sawia na mdundo. Ukumbi ulilipuka, na mitindo ya kuruka ya dansi ya Lindy Hop ikazaliwa.

Baadaye vita ikaja, muziki ukabadilika, swing ikapoa. Manning akaingia posta.

Sasa, kwa nini vijana wasafiri kutoka upande wa pili wa Marekani kumfuata mzee mmoja awafundishe wao tu? Filamu ya Hellzapoppin' ya 1941 si ipo, na Manning na kundi lake wanaonekana humo? Ipo. Lakini filamu inakuonyesha miguu. Haikuonyeshi mkono wa mwenzako unavuta kiasi gani mnapoachana, wala lini ulegeze ili arudi mwenyewe bila kuburutwa. Hayo lazima ushikwe mkono na anayejua. Ni kama kumfundisha mtoto kutuliza mpira kifuani: utamwonyesha video mia, bado atakuja kukuuliza.

Na mzee alikuwa na mtindo wake. Wenzake wa zamani walicheza wamesimama wima. Yeye aliinama mbele kama mkimbiaji, mguu mmoja umenyooka nyuma.

Masomo yale yakamrudisha dimbani. Mwaka 1989 alipata tuzo ya Tony kwa kazi yake katika onyesho la Black and Blue, Broadway. Akawa anaalikwa kufundisha hadi Herräng, kijiji cha Sweden.

Alifariki Aprili 2009, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 95. Sherehe ya siku yake ya kuzaliwa ilikuwa imeshapangwa New York. Wanafunzi wakaja hivyohivyo kutoka kila pembe ya dunia, wakacheza.