Roboti Yacheza Karata, Wewe Wakosa Usingizi

Je, msomaji, umewahi kuamka saa tisa za usiku kutazama kama tarakilishi yako ingali inacheza karata? Huenda swali hili likakuchekesha. Hata mimi ningalicheka, lau si kijana wa miaka 26 aliyekuja kwenye kliniki yangu akilalamikia kuumwa na kichwa, moyo kumwenda mbio na kukosa usingizi. Shinikizo lake la damu lilikuwa 150 kwa 96. Malaria hakuwa nayo, na pombe hanywi.

Nilipomdadisi, alifichua kwamba alikuwa amenunua programu inayomchezea poka ya video katika kasino za intaneti. Vijana huziita boti, ingawa hazivuki maji. Yeye hakujiona mcheza kamari hata kidogo, kwani kazi yote ilifanywa na mashine.

Hebu tupige hesabu. Katika mchezo huu unagawiwa karata 5, unabakisha uzitakazo na kubadilisha zilizosalia. Kila mgao una uamuzi ulio bora, na programu yaweza kuufuata bila kuchoka. Hata hivyo, ikicheza bila kosa lolote, aina maarufu ya poka hii yenye malipo ya ukarimu hurudisha wastani wa shilingi 99.54 kwa kila 100. Malipo yakipunguzwa kidogo tu, hurudisha 97.30. Migao 600 kwa saa, shilingi 20 kila mgao, ni shilingi 288,000 kwa siku. Hasara ya wastani ni zaidi ya 1,300 katika hali ya kwanza, na zaidi ya 7,700 katika ya pili. Binadamu angalau hulala. Roboti hupoteza usiku kucha. Isitoshe, kasino nyingi hupiga marufuku programu hizi, na zikikugundua huzuia hata ulichoshinda.

Ushindi mkubwa kabisa hutokea takriban mara moja katika migao 40,000. Hujui ni lini, na hapo ndipo ubongo unaponaswa. Kijana huyu hakugusa karata, lakini alichungulia salio lake mara kadhaa kila usiku. Uraibu wa kamari umo katika orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka wa 2022.

Jiulize maswali mawili ambayo sisi madaktari huyatumia. Umewahi kuhisi haja ya kuweka pesa zaidi na zaidi? Umewahi kuwadanganya jamaa zako kuhusu kiasi unachocheza? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, mwone daktari. Mweleze pia dawa unazotumia, kwani baadhi ya zile za ugonjwa wa Parkinson, kama pramipexole, huweza kuzua tamaa ya kamari. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe.

Matibabu hasa ni mazungumzo na mshauri, huku mtu unayemwamini akikushikia fedha. Nawe mzazi, usimlipie mwanao madeni kimyakimya. Muulize waziwazi iwapo anawaza kujitoa uhai. Swali hilo halimpandikizii wazo hilo, kama wengi wanavyohofia.

Nilimuuliza kijana yule. Alinyamaza kwa muda, kisha akaitikia kwa kichwa. Tukampigia dadake simu, naye akaja jioni hiyo hiyo kumchukua, mkononi akiwa na barua yangu ya kwenda Mathari.