Mtoto akimwaga kopo la senti mezani: ipi ina thamani, ipi ni maneno ya mitandaoni?

JUMAMOSI jioni, chukulia nyumba ya familia inayoishi Marekani. Mtoto wa miaka tisa ameona video kwenye simu ya baba yake ikidai kwamba senti moja ya mwaka 1992 inaweza kununua nyumba. Dakika chache baadaye kopo la chenji limemwagwa mezani. Kabla chakula cha usiku hakijaiva, amekusanya senti kumi na moja za mwaka huo. Ameshapanga kununua baiskeli, na itakayobaki amlipie mama kodi.

Mzazi afanyeje? Akicheka, amemvunja moyo mtoto. Akiitikia tu ili mambo yaishe, amemwacha aamini uongo. Jibu zuri ni kuvuta kiti, kuwasha taa na kukaa naye, kwa sababu katika habari ile kuna kipande cha ukweli.

Ukweli wenyewe ni upi?

Senti moja ya Marekani, ambayo wenyewe huiita peni, imebeba sura ya Rais Abraham Lincoln tangu mwaka 1909. Kuanzia 1959 hadi 2008 upande wa pili ulikuwa na picha ya jengo la kumbukumbu yake lililoko Washington. Sarafu hizo zilitengenezwa kwa mabilioni, na karibu zote thamani yake ni ile ile senti moja.

Zinazotafutwa ni zile chache zilizotoka kiwandani na kasoro, au zilizopigwa kwa chapa isiyokusudiwa. Hiyo ya 1992 ni mojawapo. Katika senti za kawaida za mwaka huo, herufi A na M kwenye neno AMERICA zimeachana, unaona nafasi kati yake. Lakini chache zilipigwa kwa chapa ambayo herufi hizo karibu zinagusana, chapa iliyokuja kuwa ya kawaida kuanzia 1993. Hizo chache zimewahi kuuzwa kwa maelfu ya dola. Ni fedha nyingi, lakini si nyumba.

Miaka ya 1998, 1999 na 2000 mambo ni kinyume. Kawaida ya miaka hiyo ni herufi kukaribiana, na inayotafutwa ni yenye herufi zilizoachana. Ya 1999 ndiyo adimu zaidi kati ya hizo tatu.

Maandishi yaliyojirudia

Aina nyingine ni senti zenye maandishi pacha. Zamani chapa ya chuma ilitengenezwa kwa kukandamizwa zaidi ya mara moja. Ikisogea kidogo kati ya kukandamizwa mara ya kwanza na ya pili, maandishi yalijichora mara mbili, na kila sarafu iliyopigwa kwa chapa hiyo ikabeba kosa hilo.

Zinazojulikana sana ni hizi:

- 1972, isiyo na herufi chini ya tarehe: tarehe na neno LIBERTY vimejirudia waziwazi.
- 1983: upande wa nyuma ndio uliojirudia, hasa maneno ONE CENT.
- 1984: Lincoln anaonekana ana ncha ya pili ya sikio chini ya ile ya kwanza.
- 1995: neno LIBERTY na maneno IN GOD yamejirudia, na mwenye macho mazuri huona hata bila kioo cha kukuzia. Hii haina bei kubwa, lakini ndiyo ambayo mtoto ana nafasi nzuri zaidi ya kuipata.

Tahadhari moja: mashine ikitikisika wakati wa kupiga sarafu, maandishi huonekana kama yana kivuli bapa pembeni. Hilo si kosa la chapa, na wakusanyaji hawalilipii chochote.

Mzani wa jikoni una kazi

Mwaka 1982 Marekani ilibadilisha madini ya senti. Za mwanzo wa mwaka zilikuwa za shaba kwa asilimia 95, zenye uzito wa gramu 3.1. Zilizofuata ni za zinki iliyopakwa shaba, zenye gramu 2.5. Kwa macho zinafanana, ila mzani mdogo wa kidijiti unazitenganisha mara moja.

Karibu miaka 35 baadaye, ikagundulika senti ya 1982 kutoka kiwanda cha Denver iliyopigwa kwa chapa ya tarehe ndogo juu ya shaba, mchanganyiko ambao haukupaswa kuwapo. Mwaka 2017 iliuzwa mnadani kwa dola 18,800. Vilevile, senti yoyote ya 1983 yenye gramu 3.1 ni kosa la kiwanda, na zinazojulikana ni chache mno.

Uongo unaozunguka kwenye simu

Uongo mkubwa kuliko wote unasema senti isiyo na herufi chini ya tarehe ni adimu. Herufi D ni ya Denver na S ni ya San Francisco. Kiwanda cha Philadelphia hakikuwa na desturi ya kuweka herufi kwenye senti. Mwaka 2017 pekee kiliweka herufi P, kuadhimisha miaka 225 ya taasisi ya sarafu ya nchi hiyo. Kukosa herufi, basi, ni jambo la kawaida kabisa.

Uongo wa pili ni wa bei. Mtu anaweza kuandika mtandaoni kwamba anauza senti kwa dola milioni moja, na hakuna wa kumzuia. Mfundishe mtoto kuuliza swali moja: iliuzwa kwa kiasi gani? Bei ya kweli ni ile ambayo mnunuzi ameshailipa.

Jihadhari pia na anayeomba ada ya usajili ili akutafutie mnunuzi wa sarafu uliyoachiwa na ndugu aliyetoka Marekani. Huko kwenyewe zipo taasisi za kuthibitisha sarafu, kama PCGS na NGC, lakini gharama zake huzidi thamani ya senti nyingi, hivyo hazifai kwa kila kinachookotwa.

Kanuni za nyumbani

Kwanza, usisugue sarafu kwa limau, majivu wala dawa ya meno. Itang'aa, lakini mkusanyaji anatambua mara moja kwamba imesuguliwa, na thamani inashuka. Ishikwe ukingoni, si usoni.

Pili, weka sarafu mbali na mtoto mdogo. Senti zilizotengenezwa baada ya 1982 zina zinki, na ikimezwa asidi ya tumbo huila na inaweza kudhuru utumbo. Ukihisi mtoto amemeza, mpeleke hospitali, usisubiri uone.

Tatu, kubalianeni mapema nani ana haki ya nini. Kopo ni la babu? Basi kitakachopatikana ni cha babu, na aambiwe thamani yake. Mtoto anayemlipa mzee senti moja kwa sarafu anayojua ina mamia ya dola amejifunza wizi, hata kama familia nzima inacheka.

Nne, usitumie fedha kubwa. Kule benki, bunda la senti 50 hununuliwa kwa nusu dola. Zikikaguliwa zisipokuwa na kitu, zinarudishwa na hakuna aliyepoteza isipokuwa muda, na muda huo mmekuwa pamoja.

Mlango umefungwa

Mchezo huu una uzito zaidi sasa kuliko miaka michache iliyopita. Kutengeneza senti moja kulifika gharama ya senti 3.69, na tarehe 12 Novemba 2025 Philadelphia ilipiga senti za mwisho za matumizi ya kawaida. Zilizopo bado ni fedha halali, lakini mpya hazitaingia tena mifukoni mwa watu. Mtoto wa leo huenda akawa wa mwisho kuziokota kwenye chenji ya dukani.

Turudi mezani. Senti kumi na moja zimekaguliwa moja moja chini ya taa. Zote zina A na M zilizoachana. Zote ni za kawaida. Uso wa mtoto umeshuka, na mzazi asiharakishe kumfariji. Amwulize tu: katika nyumba hii, nani alizaliwa mwaka 1992?

Ni mama. Basi moja iwekwe kwenye daftari, pembeni yake liandikwe jina lake. Kesho watafute ya mwaka wa baba, na ile ya mwaka wa mtoto mwenyewe. Kumi zilizobaki zirudi kwenye kopo, na baiskeli ianze kuwekewa akiba kwa njia ya kawaida.