Kumnyima mgonjwa chakula hakuui saratani ya matiti

MWANAMKE wa Lunga Lunga anayegunduliwa kuwa na saratani ya matiti huanza safari ndefu. Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ambako wagonjwa wa saratani hutibiwa, iko Mombasa, karibu kilomita 100 kutoka mpakani.

Kabla ya safari hiyo huja ushauri wa majirani: aache nyama, mayai, hata kunde, eti vyakula hivyo "hulisha" uvimbe. Ushauri huo una chembe ya ukweli ndani yake, na hapo ndipo penye hatari.

Protini zote za mwili hujengwa kwa asidi amino, ambazo ni aina 20. Mwili hauwezi kujitengenezea tisa kati ya hizo. Sharti zitoke katika chakula. Asidi hizi haziingii ndani ya seli hivi hivi, bali hupitishwa na protini maalumu zilizo kwenye utando wa seli, mfano wa mabawabu langoni.

Seli ya saratani hugawanyika bila kukoma, kwa hivyo huongeza mabawabu. Mmoja, aitwaye ASCT2, huingiza glutamini. Mwingine, LAT1, hutoa nje sehemu ya glutamini hiyo na kuingiza lusini badala yake. Biashara hii ya kubadilishana ina faida kubwa kwa uvimbe, kwani lusini huamsha swichi iitwayo mTOR, inayoiamuru seli ikue.

Uvimbe wote haufanani. Ipo saratani ya matiti isiyo na vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, wala ziada ya protini ya HER2. Aina hii, ambayo ni kali, huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, na mara nyingi hutegemea glutamini kutoka nje. Seli nyingi zenye vipokezi vya homoni, kinyume chake, zaweza kujitengenezea glutamini.

Mwaka 2018, jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu asidi amino nyingine, asparajini. Panya wenye saratani ya matiti walipopunguziwa asidi hiyo kwa chakula na kwa dawa, ugonjwa ulipungua kasi ya kusambaa hadi mapafuni. Uvimbe wa asili kwenye titi haukuathirika hivyo.

Habari hizo zilienea upesi, nusunusu kama ilivyo kawaida. Asparajini imo katika samaki, kuku, mayai, maziwa, viazi, kunde na njugu. Mgonjwa akinyimwa hivyo vyote, pamoja na samaki wa Vanga, atabakiwa na nini zaidi ya muhogo na mchicha?

Isitoshe, mwili wa binadamu hujitengenezea asparajini na glutamini. Chakula kikipungua, mwili huvunja misuli yake na kumwaga asidi amino katika damu, na damu hiyo hiyo ndiyo inayoufikia uvimbe. Anayekonda ni mgonjwa. Aliyedhoofika hivyo huenda akashindwa kustahimili dawa kali au upasuaji, ikabidi dozi ipunguzwe au tiba iahirishwe.

Njia ya wanasayansi ni tofauti: kuifunga milango ya seli au kuizima swichi kwa dawa. Everolimus, inayozuia mTOR, iliidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa baadhi ya wagonjwa wenye saratani ya matiti iliyosambaa na yenye vipokezi vya homoni. Telaglenastat, iliyokusudiwa kuzuia seli kuitumia glutamini, ilijaribiwa kwa wagonjwa lakini haijawa tiba ya kawaida. Seli za saratani ni janja. Njia moja ikizibwa, hutafuta nyingine.

Kwa hivyo mgonjwa anayesubiri siku yake ya kwenda Mombasa anahitaji sahani yake ya kunde na samaki, isipokuwa daktari wake amemwelekeza vingine kwa sababu ya maradhi mengine, kama vile ya figo. Na anayehisi uvimbe kwenye titi, hata kama hauumi, aende hospitali ya Msambweni ukaguliwe sasa, ungali mdogo.