Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Fuatilia Majibu Yako ya Maabara

Ukitoka maabara na kuambiwa kwamba majibu yako "yako sawa", pengine unakunja karatasi, unaitia mfukoni na kurudi kazini. Wiki ikiisha, karatasi imefuliwa pamoja na suruali. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, kupotea kwa karatasi hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu jibu la leo linaeleweka vizuri likiwekwa kando ya majibu yaliyotangulia.

Uzito kupita kiasi si jambo geni kwetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Kwa wanawake kiwango kilikuwa asilimia 38.5, na kwa wanaume asilimia 17.5. Baadhi ya wanaopata upasuaji hufanyiwa katika hospitali kubwa hapa Nairobi, na wengine husafiri hadi nchi kama India. Lakini miaka inayofuata wanaishi hapa, Makina au Laini Saba, Kawangware 46 au Riruta. Mhudumu utakayempata katika kituo cha afya cha karibu huenda asijue kamwe kwamba ulipasuliwa, maana makovu ya upasuaji huu siku hizi ni madogo. Ni wewe wa kumwambia, na daftari lako ndilo ushahidi.

Kwa nini vipimo haviishi

Kuna aina mbili za upasuaji zinazofanywa zaidi. Katika ya kwanza, sehemu kubwa ya tumbo la chakula, karibu robo tatu au zaidi, hukatwa na kuondolewa. Katika ya pili, sehemu ndogo ya tumbo huunganishwa moja kwa moja na utumbo, na chakula huruka sehemu ya kwanza ya utumbo mdogo. Sehemu hiyo inayorukwa ndiyo hufyonza kwa wingi madini ya chuma na chokaa. Nalo tumbo hutengeneza kemikali inayousaidia mwili kupokea vitamini B12. Tumbo likipungua, kemikali hiyo nayo hupungua.

Hatari hii haipigi hodi. Ini huweka akiba ya vitamini B12 inayoweza kutosha miaka kadhaa. Kwa hivyo mtu hujisikia mzima mwaka wa kwanza, anaacha vidonge na kliniki, kisha mwaka wa tatu nyayo zinaanza kufa ganzi. Mishipa ya fahamu ikishaharibika kwa muda mrefu, huenda isipone kabisa.

Vipimo vya kuuliza

Kwa kawaida damu hupimwa baada ya miezi 3, 6 na 12 katika mwaka wa kwanza, kisha angalau mara moja kila mwaka maisha yote. Daktari wako anaweza kubadilisha ratiba hiyo kulingana na hali yako. Uliza kuhusu haya:

• Himoglobini, yaani wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Kwa mwanamume ni chini ya 13.

• Feritini, yaani akiba ya madini ya chuma. Hushuka kabla himoglobini haijashuka, kwa hivyo hutoa onyo mapema. Kumbuka kwamba ukiwa na maambukizi inaweza kupanda na kuficha upungufu.

• Vitamini B12 na foleti.

• Vitamini D, chokaa, na homoni ya tezi inayosimamia chokaa. Chokaa ikikosekana kwenye chakula, mwili huichota kwenye mifupa, na jibu la chokaa ya damu linaweza kuendelea kuonekana zuri.

• Kazi ya figo na ya ini.

• Sukari na HbA1c, hasa kama ulikuwa na kisukari kabla ya upasuaji. HbA1c huonyesha wastani wa sukari katika miezi 2 hadi 3 iliyopita. Ukiwa na upungufu wa damu, jibu lake linaweza kupotosha.

Si kila kituo hufanya vipimo vyote hivi. Himoglobini na sukari hupatikana katika vituo vingi, ilhali vitamini B12 kwa kawaida huhitaji maabara kubwa. Uliza mapema ili usipoteze nauli.

Tazama mwelekeo

Chukua mfano wa mama anayeuza mboga Kawangware. Kabla ya upasuaji himoglobini yake ilikuwa 13.6. Baada ya miezi 6 ilikuwa 13.0, na baada ya mwaka 12.3. Kila mara aliambiwa yuko sawa, na kweli kila jibu liko juu ya 12. Lakini ukiyapanga majibu hayo kwa mstari, unaona damu inashuka kila anapopimwa. Mtu anayeyaona yote matatu atauliza kuhusu madini ya chuma sasa. Anayeona la mwisho pekee atangoja hadi mama huyo aanze kuhema akipanda ngazi.

Hiyo ndiyo faida ya daftari. Nunua daftari la kawaida la shule na uchore safu tano: tarehe, kipimo, jibu pamoja na vipimio vyake, kiwango cha kawaida kilichoandikwa na maabara, na jina la maabara. Katika ukurasa wa kwanza andika aina ya upasuaji, tarehe yake, dawa unazotumia na dawa zinazokudhuru. Kisha piga picha kila karatasi ya majibu na umtumie mtu mmoja unayemwamini. Wakazi wa mitaa yetu wanajua moto na mafuriko yanavyoweza kumaliza kila kitu usiku mmoja. Picha iliyo kwenye simu ya dada yako haitaungua na nyumba yako.

Angalia vipimio

Maabara moja inaweza kuandika sukari 7.0 na nyingine ikaandika 126. Usishtuke, ni jibu lilelile. La kwanza ni milimoli kwa lita, la pili ni miligramu kwa desilita. Gawanya la pili kwa 18 upate la kwanza. Pia viwango vya kawaida hutofautiana kati ya maabara na maabara, kwa hivyo inafaa kupima mahali pamoja kila inapowezekana.

Kabla ya kutolewa damu, uliza kama unatakiwa kufunga kula. Mweleze mhudumu vidonge vyote unavyomeza, vikiwemo vya nywele na kucha. Vingi vyavyo vina biotini, na biotini nyingi inaweza kuharibu majibu ya baadhi ya vipimo.

Chai, chokaa na dawa za maumivu

Ukimeza kidonge cha madini ya chuma kwa chai, unapoteza sehemu kubwa ya faida yake. Tumia maji, na uiache chai kwa saa moja au mbili. Chuma na chokaa pia vinazuiana, kwa hivyo vitenganishe kwa saa 2 au zaidi. Maini, omena, ndengu, managu na terere husaidia, ila baada ya upasuaji huu chakula pekee hakitoshi. Usiache vidonge bila kuambiwa na daktari.

Jihadhari pia na dawa za maumivu unazonunua dukani. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kusababisha vidonda kwenye tumbo lililopasuliwa, hasa baada ya upasuaji wa kuunganisha tumbo na utumbo. Kidonda kikivuja damu polepole, utakiona kwanza katika himoglobini.

Hata kama hukupasuliwa

Wengi wanaotibiwa kisukari hutumia metformini. Dawa hii ni nzuri na haifai kuachwa ovyo, lakini ikitumiwa kwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12. Ganzi ya miguu ambayo kila mtu anaiita "ya sukari" huenda ikawa na chanzo kingine kinachotibika. Ukiwa na ganzi na umetumia metformini kwa muda mrefu, uliza kuhusu kipimo hicho.

Usingoje kliniki

Nenda hospitalini mara moja ukiwa na mojawapo ya haya:

• Kutapika kusikokoma kwa siku kadhaa. Vitamini B1 huisha haraka mwilini, na upungufu wake unaweza kudhuru ubongo. Mwambie mhudumu kwamba ulipasuliwa.

• Choo cheusi kama lami, au kutapika damu.

• Maumivu makali ya tumbo.

• Jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, hasa kama bado unatumia dawa za kisukari. Baada ya upasuaji sukari inaweza kushuka haraka, na dawa huhitaji kupunguzwa na daktari.

Wanawake hushauriwa kungoja miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba. Zungumza na mhudumu kuhusu upangaji uzazi, na ukipata mimba sema mapema ili vipimo viongezwe.

Majibu ni yako

Huhitaji kuomba msamaha unapoomba nakala ya majibu yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako zinazohifadhiwa na wengine, na taarifa za afya ni miongoni mwa hizo. Omba nakala kwa upole, siku hiyohiyo, kabla hujaondoka.

Kuhusu gharama, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Unaweza kujisajili kwa simu ukipiga *147#. Kabla ya kupimwa, uliza kituo ni vipimo vipi vinalipiwa na vipi utalipa mwenyewe.

Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako anaweza kukuelekeza kituo kilicho karibu. Akikutembelea, mwonyeshe daftari. Na kama lako bado halijaanza, leo tafuta karatasi zote za zamani zilizo chini ya godoro au kwenye mkoba, zipange kwa tarehe, na uandike mstari wa kwanza.