Matokeo ya utafiti yarudi kwa lugha gani?

Mwaka 2020 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapa utafiti uliofanywa Lubumbashi na wataalamu wa Université de Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji. Walilinganisha watoto wachanga 138 waliozaliwa na kasoro za mwili zinazoonekana na wengine 108 wasio na kasoro. Uhusiano mkubwa zaidi uliojitokeza ulikuwa na kazi ya baba, pale baba anapofanya kazi inayohusu migodi.

Damu ya kitovu, mkojo na majibu ya maswali vilitolewa na wazazi wa mji huu. Makala ilitoka kwa Kiingereza. Hapo ndipo wajibu wa chuo kikuu kwa jamii unapofika mlangoni mwa kitivo chetu cha lugha.

Kurudisha matokeo si kutafsiri neno kwa neno. Tuchukue sentensi hii: «Kazi ya mgodi inaleta watoto wenye vilema.» Ni fupi na inaeleweka, lakini inasema zaidi ya utafiti wenyewe. Utafiti wa kulinganisha unaonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja. Peke yake hauthibitishi kwamba moja limezaa lingine. Tena sentensi hiyo ikifika Katuba au Kampemba, baba atalaumiwa nyumbani na mama ataonyeshwa kidole na majirani.

Sentensi iliyo sawa ni ndefu: «Kati ya watoto waliozaliwa na kasoro, wenye baba wa kazi ya mgodi walikuwa wengi kuliko kati ya wale wasio na kasoro. Lakini si kila mtoto wa mchimbaji atazaliwa hivyo.»

Je, Kiswahili cha Lubumbashi kinaweza mzigo huo? Mwaka 1965 wafanyakazi wa mji huu waliandika kwa Kiswahili chao historia yao ya wakati wa ukoloni, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Johannes Fabian aliichapa pamoja na tafsiri mwaka 1990. Lugha iliyobeba historia ya mji inaweza kubeba pia habari za afya yake.

Pendekezo langu ni dogo: kila utafiti unaochukua kitu kwa watu uwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili, na wanafunzi wa lugha washiriki kuuandika. Kabla ya kuuchapa, tumsomee mama mmoja, kisha tumwombe atueleze alichosikia. Akitueleza jambo tofauti na tulilokusudia, tuandike upya.