Bibi Yako Alikuwa Binti wa Nani?

Kila ifikapo Februari 27, wakazi wa Songea hukusanyika Mahenge, kwenye Makumbusho ya Majimaji, kuwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani siku hiyo mwaka 1906. Kati yao anatajwa mwanamke mmoja: Nkomanile, nduna wa Kitanda, wilayani Namtumbo.

Mtaje Nduna Songea, watu watakuambia ni wa ukoo wa Mbano. Mtaje Nkomanile, wengi huishia kwenye jina hilo moja.

Ndivyo ilivyo hata majumbani kwetu. Kwa Wangoni ukoo hutoka kwa baba. Baada ya kuvuka Zambezi mwaka 1835, walipokuwa safarini na hata walipofika huku, waliwachukua watu wa makabila mengine. Wanawake wakaolewa, watoto wakawa Wangoni. Leo nyumba ya kina Komba au Ngonyani inaweza kuwa na bibi Mndendeule au Mmatengo ambaye hakuna anayemtaja.

Mimi mwenyewe nilijaribu. Upande wa baba nilifika hadi babu wa nne. Upande wa bibi nilikwama kwa mama yake mzazi.

Mzazi mwenzangu, hilo ni pengo pia kiafya. Jina hufuata baba, lakini mtoto hurithi kwa wote wawili. Chukua selimundu: baba na mama wakiwa na vinasaba vyake bila kuumwa, kila ujauzito una uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Kisukari, shinikizo la damu na saratani ya matiti navyo huweza kujirudia katika familia, upande wowote.

Kwa hiyo, bibi akiwapo, kaa naye na daftari. Muulize:

- Mama yako aliitwa nani, wa ukoo gani, alitoka kijiji gani?
- Alizaa watoto wangapi? Waliofariki wadogo walikuwa na dalili gani?
- Nani aliugua kisukari, presha au saratani, akiwa na umri gani?

Akisahau mwaka, mkumbushe matukio: ilikuwa kabla ya uhuru, au wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa? Familia za Kikatoliki ziulizie pia parokiani, maana vitabu vya ubatizo huandika majina ya wazazi. Misheni ya Peramiho ipo tangu 1898.

Uliza taratibu. Bibi aliyezika watoto asihisi analaumiwa, na akinyamaza, mwache apumzike. Utakachopata kipeleke kliniki. Mhudumu ndiye atakayeshauri kipimo.

Usisubiri msiba ndipo muanze kuulizana ukoo. Nilipomuuliza bibi yangu jina la mama yake, alinyamaza kidogo, akalitaja, kisha akasema hakuna mjukuu aliyewahi kumuuliza. Nimeshaliandika.