Pombe Yetu Haihitaji Kidonge

Juzi mgeni wangu mmoja hapa Leeds, Mwingereza anayejipikia bia nyumbani, alionja pombe ya mtama niliyoipika mwenyewe, akaweka kikombe mezani na kuuliza mbona haina gesi. Halafu, kwa huruma kabisa, akatoa mfukoni pakiti ya vidonge vya sukari akaniachia. Nilimshukuru kwa adabu. Makala hii ndiyo jibu nililolimeza siku ile.

Kwanza, gesi ilikuwemo. Pombe ilikuwa bado inaumuka. Ukisogeza sikio kwenye ndoo unasikia vipovu vikipasuka. Chachu inakula sukari ya kimea, inatoa kileo na kabonidayoksaidi, ileile ya kwenye soda, na pombe yetu hunywewa kazi hiyo ikiendelea. Namna inavyopikwa na nani anapewa kata ya kwanza sina haja ya kueleza. Aliyekulia Dutwa, Maswa au Itilima, kwetu Simiyu, anajua, na asiyejua amuulize shangazi yake.

Sasa hawa wenzetu. Bia yao inakaa kwenye ndoo hadi chachu imalize sukari yote, na gesi karibu yote imeshapotea. Ndipo wanaitia kwenye chupa, na ndipo wanakumbuka povu. Dawa yake ni kuipa chachu iliyobaki tonge la mwisho: sukari kidogo, kizibo kikazwe, gesi ikose pa kutokea, iingie kwenye bia. Gramu moja ya sukari hutoa takriban nusu gramu ya gesi. Gramu 6 kwa lita zinatosha kwa bia ya kawaida. Ukizidisha mara mbili, chupa inaweza kupasukia kabatini. Kukosea kijiko ni kuokota vioo, na ndiyo maana sukari ikafanywa kidonge, ili kila chupa ipate kipimo kimoja.

Vinavyojulikana sana ni vya Coopers, kiwanda cha Adelaide, Australia, kilichoanzishwa mwaka 1862 na Thomas Cooper, mhamiaji kutoka Yorkshire, hukuhuku ninakoishi. Kimoja kwa chupa ya mililita 375, viwili kwa ya mililita 750. Hizo ni chupa za Australia. Chupa ya bia ya Uingereza kwa kawaida ni mililita 500. Basi nimewaona watu wazima, wenye shahada zao, wakikata kidonge kwa kisu cha mboga, nusu inarukia chini ya jiko, nusu inaingia chupani, na mjadala unaendelea kama kimoja kingetosha. (Kingetosha.) Kisha sanduku linapelekwa karibu na tangi la maji ya moto, kwa sababu chini ya nyuzi 18 chachu inasinzia, na nyumba za huku mwezi wa pili nani asiyezijua. Wanasubiri wiki mbili. Bariadi, wiki mbili baada ya pombe kuiva, mtungi umeshaoshwa ukasahaulika.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Nchi hii ndiyo yenye CAMRA, chama cha wanywaji kilichoanzishwa mwaka 1971 kupinga bia ya viwandani iliyojazwa gesi kwa mitambo. Wanachama wake wanaisifu bia ya pipa inayoendelea kuchacha chini ya baa, yenye gesi kidogo, isiyo baridi sana. Nimeinywa. Ukiacha uzito na uchachu, ni ndugu wa karibu wa pombe ya Simiyu. Ila mzee wa Yorkshire akiinywa ni urithi wa taifa. Mimi nikikaribisha ya mtama naulizwa gesi iko wapi!

Tabia yenyewe ni ya kale. Mnamo Desemba 1662 Christopher Merret aliwaeleza wenzake wa Royal Society, London, kwamba wenye mvinyo walikuwa wakitia sukari ili kinywaji kichangamke na kutoa povu. Ila kupika bia nyumbani huku Uingereza kulihitaji leseni hadi mwaka 1963, Waziri wa Fedha Reginald Maudling alipoifuta. Afrika mambo yalikwenda kinyume: boksi la chibuku, pombe ya nafaka ya viwandani, liliachiwa upenyo wa kupumua, maana pombe inaumuka hadi dukani. Ilipofika mwaka 2012 ndipo kampuni ya Delta ya Zimbabwe ilipotoa Chibuku Super, iliyotiwa gesi na kufungwa, ili ikae dukani muda mrefu zaidi. Kidonge nacho ni cha bia ya kusubiri wanywaji. Kwetu wanywaji wanafika kabla pombe haijaiva.

Vile nilivyoachiwa vimekwisha, na havikuingia kwenye chupa yoyote. Mwanangu mdogo, wa miaka saba, aliamua ni pipi, na kusema kweli ni pipi. Mkubwa akachukua vilivyobaki kwa jaribio la sayansi: maji ya vuguvugu, hamira, puto mdomoni mwa chupa. Puto likajaa, na kwenye ripoti akaandika kwamba amefundishwa na rafiki wa baba. Siyo baba. Mwalimu akatuandikia barua ya upole kuuliza mtoto wa miaka kumi na moja amejulia wapi mambo mengi hivi ya kuchachusha. Bibi yao, alipooneshwa puto kwenye simu, aliuliza pombe yenyewe iko wapi. Mdogo akamwambia, "Bibi, pombe yako haina gesi," maneno ya yule mgeni neno kwa neno. Bibi akamjibu kwa Kisukuma, mtoto hakuelewa, mimi nikakataa kutafsiri, na tangu hapo ananidai tafsiri kila tukikaa kula.

Mnaoniuliza kama mnunue: nunueni, kama bia yenu ni ya kuweka kwenye chupa. Kimoja kwa chupa ya mililita 500, msikikate. Na pakiti ikae juu ya kabati, siyo kwenye droo ya vijiko.